Si Kila Maumivu ni Uchovu wa Safari

Miezi ya Julai na Agosti barabara zetu za Tarime na Serengeti huwa na vumbi jingi, na nyumba zetu huwa na wageni wengi. Ndiyo miezi ambayo ndugu zetu wanaofanya kazi au kusoma Ulaya na Marekani hupata likizo. Wanakuja kuwaona wazazi, kuhudhuria harusi na kuwaonyesha watoto wao nyumbani kwa babu. Wapo pia wanaokuja na mpango wa pili: siku chache za kwanza kukaa na wazazi, halafu kupanda baiskeli pamoja na marafiki zao kutoka vilima vya Tarime, wateremke Nyamongo, wavuke Mto Mara na kufika Mugumu.

Ni likizo njema, wala hatuna nia ya kumtisha mtu. Lakini mwezi huu tunapenda kuzungumza na familia zinazowapokea wageni hawa. Tumezoea kumpokea mgeni kwa neno moja: "Pole na safari." Akisema mguu unamwuma, tunasema ni safari. Akisema mwili umechoka na kichwa kinagonga, tunasema ni safari na jua la baiskeli. Mara nyingi ni kweli. Lakini yapo magonjwa yanayojificha nyuma ya neno hilo, na yanaweza kuua wakati sisi tukimwambia mgeni apumzike tu.

Mwili uliokaa muda mrefu

Tuseme kijana wenu anatoka Amsterdam. Atakaa ndani ya ndege saa nane au zaidi kabla ya kufika Kilimanjaro au Dar es Salaam. Anayetoka Marekani atakaa muda mrefu zaidi, tena kwa ndege mbili au tatu. Kisha kuna ndege ya Mwanza, na kutoka Mwanza basi la Bunda, Kirumi na Tarime. Na yule wa kwetu anayetoka Dar es Salaam kwa basi naye husafiri zaidi ya kilometa 1,000 akiwa amebanwa kwenye kiti, mzigo umewekwa miguuni.

Damu hupanda kutoka miguuni kurudi moyoni kwa msaada wa misuli. Kila tunapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu huikamua mishipa na kuisukuma damu juu. Mtu akikaa kimya kwa muda mrefu, magoti yamekunjwa, kazi hiyo husimama. Damu huenda polepole, miguu huvimba, na kwa baadhi ya watu damu huganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Donge hilo likikatika husafiri hadi kwenye mapafu na kuziba njia ya damu. Hapo mtu anaweza kufa ghafla.

Jambo hili halikuletwa na ndege peke yake. Mwaka 1940, London iliposhambuliwa kwa mabomu, watu wengi walilala wameketi vitini usiku kucha ndani ya mahandaki. Daktari Keith Simpson aliandika mwaka huohuo kuhusu kuongezeka kwa vifo vya ghafla vilivyosababishwa na donge la damu kwenye mapafu. Viti vilikuwa vimewabana mapaja, nao hawakujongea.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kuhusu safari ndefu. Ilionekana kuwa safari ya saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, basi, treni au gari dogo, huongeza hatari ya kuganda kwa damu karibu mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo, kama mtu 1 kati ya watu 6,000. Lakini haiishi siku ya kushuka. Huendelea kuwapo kwa muda wa wiki 4 hivi. Yaani siku zote za likizo, pamoja na zile za baiskeli.

Wanaopaswa kujihadhari zaidi ni mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au aliyevunjika mguu, mwenye saratani, mtu mnene sana, anayetumia dawa zenye homoni, mzee, na yeyote aliyewahi kupata donge la damu au ambaye ndugu zake wa damu walipata. Hawa wamwone daktari kabla ya kusafiri. Pengine watashauriwa kuvaa soksi maalumu za kubana miguu. Wasijinunulie aspirini dukani wakidhani imetosha.

Akiwa njiani

Mwandikieni au mpigieni simu kabla hajaondoka, mkamwambie hivi:

1. Asimame na kutembea kidogo kila baada ya saa moja au mbili. Basi likisimama ili abiria wachimbe dawa, naye ashuke hata kama hana haja.

2. Akiwa ameketi, apandishe visigino na kuvishusha, kisha azungushe vifundo vya miguu, mara nyingi iwezekanavyo.

3. Asiweke mzigo mahali pa miguu.

4. Anywe maji. Wengi wetu hatunywi maji safarini kwa kuogopa kukosa choo. Ni desturi mbaya.

5. Apunguze pombe, wala asimeze vidonge vya usingizi ili alale amejikunja safari nzima.

Mguu unaouma

Sasa mgeni amefika, amekaa siku tatu, amepanda baiskeli hadi Nyamwaga na kurudi. Kesho yake anachechemea. Tutajuaje kama ni baiskeli au ni damu?

Uchovu wa baiskeli kwa kawaida huwa kwenye miguu yote miwili, nao hupungua siku hata siku. Donge la damu mara nyingi huwa katika mguu mmoja. Mguu huo huvimba kuliko mwenzake, huuma kwenye shavu au paja, huwa na joto, na pengine hubadilika rangi. Ichukueni kamba mkapime mashavu ya miguu yote miwili mahali palepale. Mmoja ukiwa mnene kuliko mwingine kwa namna inayoonekana, msingoje. Na hata ikilingana, kama mguu mmoja unaendelea kuuma, aende akapimwe.

Hapa tunawaomba hasa akina bibi na mashangazi, ambao mikono yao imetuponya wengi: mguu wa namna hii usichuliwe kwa mafuta, usikandwe kwa maji ya moto, usichanjwe chale. Kuuchua kunaweza kulikata donge na kulipeleka kwenye mapafu. Asiende hospitali kwa miguu wala kwa baiskeli yake. Apelekwe kwa gari hospitali ya Tarime au ya Mugumu, palipo karibu zaidi, na amwambie daktari mwanzoni kabisa kwamba ametoka safari ndefu. Dawa za kuzuia damu isigande zipo. Hutumika kwa miezi kadhaa, na mgonjwa aliyewahi huweza kupona vizuri.

Kama ameanza kuhema kwa shida ghafla, kifua kinachoma anapovuta pumzi, anakohoa damu au anazimia, hiyo ni hatari ya saa hiyohiyo. Tafuteni gari hata kama ni usiku wa manane.

Homa ya "mtoto wa hapa"

Jambo la pili ni malaria. Ndugu aliyezaliwa kwetu husema, "Mimi ni mtoto wa hapa, mbu wananijua." Alikuwa sahihi zamani. Kinga tuliyo nayo watu wazima wa huku hutokana na kuumwa mara kwa mara. Mtu akiishi miaka kadhaa mahali pasipo malaria, kinga hiyo hupungua sana. Watoto wake waliozaliwa huko hawana kabisa. Ndiyo maana nchini Uingereza wengi wanaopatikana na malaria ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea ndugu zao.

Kwa hiyo mgeni alale ndani ya chandarua chenye dawa kama sisi wengine, na ameze dawa ya kinga aliyopewa na daktari wake mpaka imalizike, hata baada ya kurudi. Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Asitafute klorokwini aliyoizoea utotoni. Hapa nchini iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea viliizoea, na tangu mwaka 2006 tunatumia dawa mseto. Homa ya malaria huchukua walau siku saba hivi tangu kuumwa na mbu. Basi inaweza kumkuta katikati ya safari ya baiskeli, au akiwa tayari amerudi kwake. Ikimkuta huko ndani ya miezi mitatu, amwambie daktari: "Nilikuwa Mara."

Wanaopita karibu na hifadhi ya Serengeti wakumbuke pia mbung'o. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za Serengeti na Tarangire waliugua malale. Mbung'o huuma mchana na huvutwa na nguo nyeusi na za buluu. Mwendesha baiskeli avae nguo za rangi hafifu zenye mikono mirefu. Akiona kidonda mahali alipoumwa, kisha homa, aseme mapema. Ugonjwa huu una tiba, lakini ukicheleweshwa huua.

Baiskeli yenyewe

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa huyu wa ndege tunawaomba mumwongezee siku. Anayetoka Marekani ametoka kwenye saa zinazotofautiana na zetu kwa saa saba au zaidi. Mwili wake huhitaji siku kadhaa kujua kwamba hapa ni mchana. Mtu mwenye usingizi asiteremke kilima cha changarawe kwa baiskeli. Aanze na safari fupi za asubuhi, avae kofia ngumu, abebe maji ya kutosha, na ajaribu breki kabla ya kila safari. Akumbushwe pia kwamba sisi tunapita kushoto. Marekani na nchi nyingi za Ulaya hupita kulia, na mazoea ya miaka humrudia mtu ghafla anapokutana na lori.

Basi tuendelee kusema "Pole na safari", maana ni neno la upendo. Ila tuongeze maswali matatu: Ni mguu mmoja au yote miwili? Unahema vizuri? Homa hiyo umeipima? Mzazi anayeuliza hivyo hamharibii mwanawe likizo. Anamsaidia aimalize, na arudi kwake akiwa mzima.