Paka wa Madoa wa Kwenye Simu na Mtoto wa Mondo wa Kichakani

Simu za mkononi zimeleta paka mpya katika mazungumzo ya mwambao wa Ziwa Nyasa. Ni yule mwenye madoa kama ya chui, anayeruka hadi juu ya kabati na kuchezea maji ya bomba bila woga. Anaitwa Bengal. Watu wakishamtazama, Chiwanda kama kwingineko wilayani Nyasa, huja swali moja: mtoto wa mondo aliyeokotwa wakati wa kufyeka shamba, akilelewa vizuri, si atakuwa hivyo hivyo?

Hatakuwa, na sababu iko kwenye ukoo. Bengal alianzia kwa chui-paka wa Asia, mnyama mdogo wa porini ambaye Afrika hayupo kabisa. Jean Mill wa California, Marekani, alimzalisha na paka wa kufugwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha akairudia kazi hiyo kwa bidii miaka ya 1980. Watoto wa kwanza walikuwa waoga na wagumu kushikika, na madume yao hayakuweza kuzaa. Ilibidi damu ya porini ipunguzwe kizazi baada ya kizazi: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Anayefaa kuitwa paka wa nyumbani ni kilembwe na wanaomfuata.

Hata huyo si wa kila mtu. Asipopata mahali pa kupanda na mtu wa kucheza naye kila siku, hulia usiku kucha, huparua viti na kukojoa ovyo. Ukoo wake una pia ugonjwa wa kurithi unaomla nuru ya macho angali mdogo, ndiyo maana wazalishaji makini hupima vinasaba vya wazazi kabla ya kuwapandisha.

Sasa mlinganishe na mondo. Dume lake laweza kufikia kilo 18. Huweka mipaka ya himaya yake kwa mkojo, na hakuna malezi yanayomwachisha. Mwili wake umeumbiwa panya na ndege wazima, pamoja na mifupa yao. Ukimlea kwa uji au minofu mitupu, mifupa yake hukosa chokaa, hulainika na kuvunjika. Na mara nyingi huyo mtoto si yatima hata kidogo. Mama mondo huwaficha watoto kwenye majani marefu akaenda kuwinda, tena huwahamisha mara kwa mara. Ukiwakuta, acha kufyeka pale, ondoka na mbwa wako, mama atarudi kuwachukua. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumkamata mnyamapori bila kibali.

Anayependa madoa ajue pia kwamba Afrika Mashariki ina paka wake. Mwaka 1978, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi, Kenya, Jeni Slater aliona paka wenye manyoya ya mawimbi kama gome la mti, ambao Wagiriama waliwajua tangu zamani. Leo wanatambuliwa duniani kwa jina la Sokoke. Hao ni paka wa kufugwa, hawakuchanganywa na mnyama wa porini.

Ila ninayemhangaikia zaidi ni paka wa kawaida, yule anayelala karibu na magunia ya mpunga na mihogo mikavu. Mahitaji ya mwili wake ni yale yale ya Bengal wa fedha nyingi, na kinachomuumiza zaidi ni chakula. Tunamrushia ugali uliochovywa mchuzi, tukiamini panya watamalizia. Paka ni mla nyama halisi. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha, na hakimo kwenye ugali. Akikikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hulegea. Uhusiano wa upungufu huo na ugonjwa wa moyo wa paka ulithibitishwa na watafiti wa California mwaka 1987.

Ziwa linatupa dawa yake: dagaa na vichwa vya samaki. Lakini wachemshe. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayewala kila siku huanza kuyumba, kichwa kikamwinamia kifuani, kisha degedege. Moto huua kimeng'enya hicho. Supu usiimwage, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Mpe nayo, bila chumvi na bila kitunguu.

Dawa za binadamu usimpe. Kidonge kimoja cha panadol kinatosha kumuua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja sumu yake. Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo, hasa zenye permethrini, humtetemesha hadi kufa, hata kama mbwa wako alipakwa akapona viroboto.

Kichaa cha mbwa hakibagui: paka hukipata na kukiambukiza. Apate chanjo akifikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kama mtaalamu atakavyokuelekeza. Ukiparuliwa au kung'atwa na paka usiyemjua, au na mtoto wa mnyamapori, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

La mwisho ni kuhasi. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita tu, na hubeba kwa miezi miwili hivi. Watoto wasiotakiwa hutupwa vichakani, na huko hukutana na kimburu, paka pori wa Kiafrika aliye jamii moja na mababu wa paka wote wa nyumbani. Wakizaana, ukoo safi wa kimburu unapotea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, afisa mifugo akija kuchanja mbwa kijijini kwenu, usiende na mbwa peke yake. Mtie paka kwenye kikapu chenye mfuniko, mpeleke naye achanjwe, na umuulize afisa ni lini na wapi utaweza kumhasi.