Kabla ya Kuuza Shamba kwa Ajili ya Ini

Baada ya swala ya Alasiri tuliketi barazani Mjimwema, mjini Songea, pamoja na familia iliyokuwa ikijadili kuuza shamba la mahindi. Kijana wao wa mwisho ini lake limesinyaa, na katika simu walikuwa wameona tangazo la dripu ya "chembe za seli" itolewayo ng'ambo. Kaka zake waliona humo uhai wa ndugu yao. Mama, ambaye shamba lile ndilo riziki yake, alinyamaza.

Walituuliza iwapo dawa hiyo ipo kweli.

Chembe zenyewe zipo. Seli za mwili hutoa vijifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu. Mamia yake yangeweza kupangwa katika upana wa unywele mmoja. Vilipobainika miaka ya 1980, katika utafiti wa damu ya kondoo, vilidhaniwa kuwa njia ya seli kutupa taka. Baadaye ilidhihirika kuwa hubeba protini na maagizo kutoka seli moja hadi nyingine, mithili ya barua. Mwaka 2013 watafiti wa China walichapisha matokeo ya vijifuko vilivyotokana na seli shina za kitovu cha mtoto mchanga: panya walioharibiwa ini kwa kemikali walipungukiwa na makovu.

Hao ni panya. Kwa wanadamu utafiti ungali katika hatua za mwanzo, ilhali wauzaji wamekwisha kutangulia. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa za namna hiyo, zilizouzwa bila idhini.

Lakini lipo lililomuumiza kijana yule kuliko tumbo kujaa maji. Baadhi ya majirani, na hata wenzake wa safu moja msikitini, walinong'ona kuwa anakunywa pombe kwa siri. Hajapata kuionja. Chanzo ni kirusi cha homa ya ini B, ambacho mama aweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kuzaliwa bila yeyote kujua; na katika kila watoto wachanga 100 wanaoambukizwa hivyo, takriban 90 hubaki nacho. Ni wangapi, twajiuliza, wanaoficha maradhi yao kwa kuchelea dhana hiyo tu?

Tulipouliza nani mwingine nyumbani amepimwa, walitazamana. Chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Wote pale walizaliwa kabla yake. Kipimo ni damu kidogo. Asiye na kirusi huchanjwa dozi tatu. Aliye nacho hufuatiliwa, na akihitaji hupewa tenofovir, dawa inayozuia kirusi kuzaliana, hata ini lililoanza kupata kovu huweza kupata nafuu. Mtoto naye, Shirika la Afya Duniani hushauri achanjwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe.

Shamba halijauzwa. Jumatatu walikwenda kupima, mama akiwa mbele. Kaka mkubwa alirejea akiwa kimya: naye anacho. Mkewe ana mimba ya miezi saba, na tunapoandika haya angali akingoja majibu yake.