Mtego bila chambo haunasi



Juzi kijana wangu alinijia na simu mkononi. "Baba, wamepandisha tena," akaniambia. Alikuwa akizungumzia ada ya televisheni ya intaneti, ile isiyohitaji dishi wala antena. Nilighadhibika. Kwani si tuliichukua kwa sababu ilikuwa rahisi? Basi nikaona leo tuliangalie jambo hili.

Tuchukue mfano wa Netflix ya Marekani. Mwaka 2010 ilianza kuuza huduma hii peke yake kwa dola 7.99 kwa mwezi. Wamarekani waliochoka kulipia mamia ya chaneli wasizozitazama wakakata televisheni za kebo, wakahamia huko. Mwaka 2017 mpango wa kawaida usio na matangazo ulifika dola 10.99, mwaka 2022, dola 15.49, Januari 2025, dola 17.99. Zaidi ya mara mbili.

Kwa nini? Mwanzoni kampuni hiyo ilikuwa ikikodi filamu za wengine. Wenye filamu walipoona faida, wakazichukua na kufungua maduka yao. Disney ilifungua lake Novemba 2019 kwa dola 6.99, kufikia Oktoba 2024 mpango usio na matangazo ulikuwa dola 15.99. Netflix nayo ikalazimika kutengeneza filamu zake, tena kwa mikopo ya mabilioni ya dola.

Sababu ya pili ni wateja. Wapya wanapopungua, huminywa wa zamani. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2022 Netflix ilipoteza wateja zaidi ya milioni moja. Novemba mwaka huo ikaleta mpango wa bei nafuu wenye matangazo ya biashara, yale yale tuliyoyakimbia. Mwaka 2023 ikawabana waliokuwa wakiazimana neno la siri nyumba kwa nyumba.

Hata huku Afrika Mashariki tumeonjeshwa. Septemba 2021 Wakenya walipewa mpango wa bure kwenye simu za Android. Novemba 2023 ukafungwa.

Sisemi biashara isitafute faida. Nasema bei ya kwanza ilikuwa chambo, nasi tuliidhani ndiyo bei yenyewe. Na ukiacha kulipa, hubaki na kitu. Kaseti ya zamani angalau ilibaki kabatini.

Usiku ule mimi na kijana tulikaa na daftari. Kumbe tulikuwa tukilipia huduma tatu, na moja hatukuifungua tangu likizo ya shule. Fedha zilikuwa zikikatwa zenyewe kila mwezi, kimya kimya. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hukikausha pia.

Tumebakisha moja. Tukimaliza tunachotaka, tutaifuta na kuchukua nyingine, kwa kuwa hulipwa mwezi kwa mwezi. Nawe leo, kabla ya kulala, hesabu zako.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.