AMANA ISIPOTEE WAKATI WA KUHIFADHI



Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yatufundisha kuandika madeni na kuyawekea mashahidi. Leo karani wa jumuiya haandiki tena daftarini. Huandika katika jedwali la kompyuta michango ya mazishi, Zakatul-Fitri na majina ya watoto wa madrasa. Jedwali hilo husafiri kutoka Dallas na Fort Worth hadi Houston, masafa ya maili 240 hivi, likafunguliwe na mtu mwingine katika mashine nyingine. Hapo ndipo aina ya faili inapokuwa na uzito.

Katika dirisha la kuhifadhi, chini ya jina la faili, pana kisanduku cha aina. Wengi hukipita bila kukitazama. XLSX, iliyokuja na Excel ya mwaka 2007, huhifadhi karatasi zote pamoja na kanuni za hesabu. XLS ya zamani hukomea mistari 65,536. CSV ni maandishi matupu: husomwa na karibu kila programu, lakini hubeba karatasi moja tu, na kanuni za kujumlisha hutoweka yakabaki majibu. Tena ikifunguliwa katika Excel, aghalabu sifuri ya mwanzo ya nambari za simu za nyumbani hudondoka. PDF yafaa kusomwa na kuchapishwa, si kuendelezwa.

Jambo hili si dogo. Mwishoni mwa Septemba 2020, nchini Uingereza, majibu ya vipimo vya korona yalimiminwa katika faili za XLS. Mistari ikajaa, na wagonjwa 15,841 wakachelewa kuingizwa katika hesabu. Waliokaribiana nao hawakuonywa kwa wakati.

Katika Excel ya Windows, kitufe cha F12 hufungua dirisha hilo. Atakaye aina moja idumu, na afungue menyu ya faili, ashuke chini kabisa kwenye machaguo, aingie sehemu ya kuhifadhi, aiweke humo. Watumiao LibreOffice, ndugu wa ile OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kwa jina la Jambo, wajue kuwa programu yao huanza na ODS. Nao waweza kuibadili iwe XLSX katika machaguo yao.

Rai yetu ni hii: faili ya asili ibaki XLSX, CSV itolewe kwa jina jingine, na pale tu inapoombwa. Kabla ya kutuma, karani ahesabu mistari na jumla ya fedha, aziandike katika ujumbe wake, na mpokeaji alinganishe. Mjane aliyetoa dola tano ana haki ya kukuta jina lake mahali pake.

Wabillahi tawfiq.