Ajali ya ngazi huanzia chini

Pita kwenye mtaa wowote unaojengwa pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Goba, Bunju au Chanika, na utaikuta ngazi ileile: mirunda miwili ya mkaratusi, vipande vya mbao vilivyopigiliwa misumari ya inchi nne, na kibarua anapanda na karai la zege begani. Imeundwa asubuhi kwa haraka, itatumika mpaka nyumba iezekwe, kisha itaishia jikoni kama kuni. Saruji imehesabiwa mfuko kwa mfuko na nondo zimehesabiwa moja moja, lakini kifaa kinachobeba uhai wa watu kimeokotezwa kwenye mabaki.

Kazi yangu ni usalama wa maeneo ya ujenzi, na ninalotaka kulieleza leo ni moja. Mtu anapoanguka kutoka kwenye ngazi, mara nyingi sababu ilikuwepo kabla hajainua mguu wa kwanza. Watu husema aliteleza, alizubaa, au siku yake ilikuwa imefika. Maneno hayo hufunika makosa yaliyokuwa wazi pale chini: ngazi dhaifu, mguu wake kuwekwa mahali pasipofaa, kilele kutofungwa, au ngazi kupewa kazi isiyo yake. Makosa hayo yote yanaonekana kwa macho, na mengi yanarekebishika kwa futi kamba na kipande cha kamba ya manila.

Tusidanganywe na ufupi wa ukuta. Anayeanguka kutoka mita 3, kimo cha kawaida cha ukuta wa nyumba ya chini, hufika ardhini katika muda usiotimia sekunde moja, akiwa na mwendo wa kilomita 28 kwa saa hivi. Ni sawa na kugongwa na bodaboda iliyo katika mwendo wake wa mtaani. Hapana nafasi ya kushika kitu wala kujipanga uangukeje.

Kwa nini ngazi huteleza

Mtu akisimama kwenye ngazi iliyoegemea ukuta, uzito wake hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huikandamiza ngazi chini, na papo hapo huusukuma mguu wa ngazi uende nje, mbali na ukuta. Kinachouzuia mguu usikimbie ni msuguano kati yake na sakafu. Uwezo wa msuguano huo haubadiliki sana, mpandaji awe kwenye kidato cha kwanza au cha mwisho, maana uzito unaoikandamiza sakafu ni uleule. Nguvu inayousukuma mguu nje, kwa upande wake, huongezeka kwa kila kidato anachopanda.

Tuchukue fundi wa kilo 80 na ngazi inayougusa ukuta kwenye kimo cha mita 4, bila kuhesabu uzito wa ngazi yenyewe. Mguu wa ngazi ukiwa mita 1 kutoka ukutani, fundi akikaribia kilele mguu husukumwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 20. Ukiwekwa mita 2 kutoka ukutani, nguvu hiyo huwa kilo 40. Na alipokuwa bado kwenye robo ya safari, nguvu ilikuwa robo tu ya hiyo.

Ndiyo maana jaribio linalopendwa na mafundi wengi, la kukanyaga kidato cha pili na kujitikisa kidogo kuona kama ngazi imekaa, halithibitishi kwamba haitateleza. Ngazi iliyotulia mtu akiwa chini inaweza kumkimbia mtu huyohuyo akiwa juu, mzigo ukiwa mkononi na sakafu ikiwa imetapakaa mchanga wa lipu. Chembe za mchanga hubiringika chini ya mguu wa ngazi, na msuguano uliotegemewa hutoweka. Tope, vigae vipya na sakafu iliyolowa vina madhara yaleyale.

Nne kwa moja

Kipimo kinachotumika duniani kote ni rahisi. Kwa kila mita 4 za kimo cha pale ngazi inapogusa ukuta, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Ukuta wa mita 3 unataka sentimita 75. Kipimo hiki huipa ngazi mwinamo wa nyuzi 75 hivi. Ukiilaza zaidi ya hapo, mguu utakimbia nje. Ukiisimamisha mno, uzito wa mpandaji utaivuta ngazi ipinduke kwa nyuma.

Fundi wetu hahitaji shule mpya kwa hili. Yule anayepiga kona ya msingi kwa tatu, nne na tano, akahakikisha nyumba nzima imekaa kwenye pembe mraba, anashindwaje kupima nne kwa moja? Futi kamba ni ileile. Kinachokosekana ni mazoea ya kuona kwamba na ngazi nayo hupimwa.

Ardhi isipokuwa sawa, chimbia mguu ulio juu mpaka miguu yote miwili ilingane. Usiuinue mguu wa upande wa chini kwa tofali, kopo la rangi wala kipande cha mbao, kwa sababu kila unachokiongeza pale ni kitu kingine kinachoweza kuchomoka. Penye mchanga laini, laza ubao mpana chini ya miguu yote miwili, na pigilia kizuizi ubaoni ili miguu isitoke.

Funga juu

Saiti nyingi zina kijana aliyepewa kazi ya kushika ngazi. Nia ni njema, ila nguvu zake ni ndogo kuliko tunavyodhani. Kilele kikianza kuserereka ukutani kwenda pembeni, mikono iliyo chini haina uwezo wa kukirudisha. Tena kijana huyo amesimama hasa pale nyundo, tofali au mwenzake vitakapoangukia.

Dawa ni kufunga. Mirunda yote miwili ya ngazi ifungwe juu kwenye kitu imara: nondo za nguzo, boriti, au kenchi iliyokwisha kukazwa. Usifunge kwenye mfereji wa paa, bomba la plastiki wala ukuta wa tofali ambao udongo wake bado mbichi. Msaidizi ana kazi yake katika zile dakika chache ambazo wa kwanza anapanda kwenda kufunga na wa mwisho anapanda kwenda kufungua. Kama juu hapana pa kufungia, piga vigingi imara chini na uifunge ngazi hapo.

Ngazi pia ipite mita 1 juu ya mahali unapotaka kushukia, iwe ni jamvi la ghorofa au jukwaa. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na saitini kushuka ndiko kunakotisha. Fundi amechoka, anarudi kinyumenyume, anatafuta kidato kwa mguu bila kukiona. Ngazi ikiishia usawa wa jamvi, hana cha kushika wakati mguu mmoja uko juu ya zege na mwingine unapapasa hewani. Mita hiyo moja ndiyo mhimili wake.

Ngazi ya kutengeneza saitini

Sitawaambia watu waache ngazi za mbao. Wengi hawana nyingine, na ngazi ya mbao iliyoundwa vizuri inafaa. Ila iundwe.

Mirunda iwe mikavu. Mti mbichi hukauka ukiwa kazini, hunywea, na misumari iliyokaza siku ya kwanza hulegea bila mtu kujua. Mbao zilizokwisha kumwagiwa zege zisifanywe vidato. Zina matundu ya misumari na nyufa zilizojificha. Kidato kilichopigiliwa tu usoni pa mrunda hubebwa na misumari peke yake. Chonga nafasi ndogo kwenye mrunda ili kidato kikalie mti wenyewe, au pigilia vipande vya kukishikilia kwa chini. Nafasi kati ya vidato iwe sentimita 30 hivi na ilingane kutoka chini hadi juu, kwa sababu mguu huzoea kipimo na hukosea pale kipimo kinapobadilika. Usipake ngazi ya mbao rangi inayofunika, maana huficha nyufa na mafundo. Usiunganishe ngazi mbili fupi kwa waya ili kupata moja ndefu.

Kila asubuhi, na kila baada ya mvua, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina aikague: nyufa, misumari iliyochomoza, kidato kinachozunguka, tope. Ikikataliwa, ikatwe vipande siku hiyohiyo. Ngazi mbovu iliyoegeshwa pembeni itachukuliwa na mtu mwenye haraka.

Ngazi ni njia

Kosa kubwa kuliko yote ni kuigeuza ngazi kuwa mahali pa kazi. Ngazi ni ya kupandia na kushukia, au ya kazi nyepesi na fupi inayofanyika kwa mkono mmoja. Kujenga kozi, kupiga lipu na kupaka ukuta mzima ni kazi za jukwaa. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu usalama na afya katika ujenzi, uliopitishwa mwaka 1988, umeipa ngazi nafasi hiyohiyo: itolewe pale ambapo hakuna njia nyingine salama ya kufikia sehemu za juu, iwe imara, na izuiliwe isisogee.

Mpandaji aikabili ngazi, na wakati wote viungo vitatu viwe vimeishika: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Hilo haliwezekani kwa mwenye ndoo ya zege. Vifaa vipandishwe kwa kamba na kapi, na nyundo na misumari viwe kwenye mfuko wa kiunoni. Bati lisipandishwe mkononi wakati wa upepo. Upepo ukilidaka litakuvuta nalo. Kitovu chako kisivuke mrunda wa ngazi. Kikivuka, umejinyoosha kupita kiasi: shuka, isogeze, upande tena. Vua kandambili, vaa viatu vilivyofungwa, na futa tope kabla ya kukanyaga kidato.

Kabla ya kusimamisha ngazi, tazama juu. Nyaya za umeme wa kilovolti 11 na 33 zinazopita mitaani kwetu kwa kawaida hazina ganda la kuzuia umeme, na umeme huo unaweza kuruka hewani kabla hata hujagusa waya. Ngazi ya alumini inausafirisha hadi kwako. Na ya mbao, ikilowa, nayo haikukingi. Ngazi ndefu ibebwe na watu wawili ikiwa imelazwa.

Na mtu akianguka, msimnyanyue kwa pupa wala kumpakata kwenye bodaboda. Uti wa mgongo uliovunjika unaweza kumalizwa na wasamaria. Kama hapo alipo hapana hatari nyingine, mwacheni alivyolala, shikilieni kichwa kisigeuke, na itafuteni gari ambalo ataingizwa akiwa amelazwa juu ya ubao.

Wa kuulizwa ni nani

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 Tanzania Bara inaweka jukumu la usalama kazini kwa mwajiri, na ya Kenya ya mwaka 2007 inafuata msingi huohuo. Lakini nyumba nyingi hujengwa na mwenye nyumba, fundi mmoja na vibarua wa kutwa, bila mkataba wa maandishi na bila mkaguzi kufika. Hapo kila mmoja hudhani usalama ni wa mwenzake, na kibarua anayelipwa kwa kazi aliyomaliza huona kushuka kusogeza ngazi ni kupoteza hela.

Kwa hiyo nasema na mwenye nyumba. Ngazi imara, kamba, kapi na mbao za jukwaa viandikwe kwenye makadirio yako pamoja na saruji na nondo, na mkubaliane na fundi kwamba muda wa kufunga ngazi ni sehemu ya kazi unayoilipia. Fundi mkuu, kijana uliyemtoa kwao umemtoa kwa dhamana. Mpimie ngazi kama unavyoupimia msingi. Nawe kibarua, ukiikuta ngazi haijafungwa, ifunge au idai ifungwe kabla ya kupanda. Atakayekuona mwoga kwa hilo ajue bado hajajifunza kazi.