Pepe, chenga na kiwango: ukame ndani ya punje ya mchele

Tangu mafuriko ya Aprili 2020, sisi wa Uvira tunapotaja maji huwa tunataja maji mengi. Lakini katika bonde la Ruzizi, ambako mchele wa Sange, Luberizi na Luvungi hulimwa kabla ya kufika sokoni kwetu Kavimvira, mkulima huogopa pia maji machache. Bonde hilo hupata mvua kidogo kuliko milima iliyo juu yake, na kiangazi hushika kuanzia Juni hadi Septemba.

Ukame huo unafanya nini ndani ya punje? Tuanze na maneno mawili ambayo Kiswahili tayari kinayo. *Pepe* ni ganda la mpunga lisilo na kitu ndani. Ndilo linalopeperuka tunapopepeta. *Chenga* ni punje zilizovunjika wakati wa kukoboa. Kila moja inaweza kutuonyesha ukame ulipiga lini. Ukipiga mpunga unapochanua, uchavushaji hushindwa na ganda hubaki tupu: hilo ni pepe. Ukipiga baadaye, katika siku thelathini hivi ambazo punje inajazwa, majani hutengeneza sukari kidogo na muda wa kujaza hufupika. Wanga haupangiki vizuri, nafasi za hewa hubaki katikati, na punje huonekana nyeupe kama chokaa. Punje ya namna hiyo ni dhaifu, na mashine huigeuza chenga.

Hasara hizo mbili zinaonekana kwa macho. Ya tatu haionekani, na hapo ndipo sisi wanafunzi wa lugha tunapohusika.

Sehemu kubwa ya punje ni wanga; protini ni kidogo. Naitrojeni inayojenga protini huwa imekwisha kuhifadhiwa majanini kabla ya maua, kisha huhamia kwenye punje. Kwa hiyo ukame wa mwishoni huumiza wanga kuliko protini. Tuseme punje moja ina miligramu 18 za wanga na 2 za protini: protini ni asilimia 10 ya jumla hiyo. Ukame ukipita, wanga ukabaki 13 na protini 1.8, protini sasa ni asilimia 12. Asilimia imepanda, ilhali protini yenyewe imepungua. Ongeza mapepe yaliyopeperushwa, na shamba zima limetoa protini kidogo zaidi.

Madini nayo yana hesabu yake. Katika shamba lenye maji yaliyotuama, chuma kilichomo udongoni huyeyuka na mizizi hukipata kwa urahisi. Udongo ukikauka, hukamatwa na kuwa kigumu kufyonzwa. Kiasi kinachofika kwenye punje hutegemea pia mbegu na aina ya udongo.

Sasa fikiria karatasi ya ushauri wa kilimo inayosema kwa Kifararansa kwamba *taux* ya protini imepanda. Mtafsiri anaandika: «kiwango cha protini kimeongezeka». Kwa Kiswahili, *kiwango* ni kiasi, na pia ni uwiano. Mama anayesikiliza ataelewa kwamba mchele wa mwaka wa ukame unalisha watoto vizuri zaidi. Huenda akapunguza maharagwe au ndagala katika sahani, wakati ndivyo vinavyohitajika kuliko mwaka mwingine wowote.

Tafsiri iliyo salama ni ndefu kidogo: «katika kila gramu mia za mchele huu protini ni nyingi zaidi, lakini shamba limetoa protini kidogo kuliko kawaida.» Na ushauri unaofuata uwe wazi vilevile: maji yakiwa machache, yasikosekane mpunga unapochanua na punje zinapojazwa.

Msamiati wa mkulima hutenganisha pepe na chenga bila shida. Wetu, tunaotafsiri, utenganishe kiasi na uwiano.