Karl Freund, mpiga picha aliyeitembeza kamera

Katika zama za filamu zisizo na sauti, kamera kwa kawaida ilisimama juu ya miguu yake mitatu. Karl Freund, mzaliwa wa Bohemia mwaka 1890, aliitembeza. Mwaka 1924, nchini Ujerumani, alipiga picha za Der letzte Mann, filamu ya mwongozaji F. W. Murnau kuhusu bawabu wa hoteli anayevuliwa cheo pamoja na sare yake. Freund aliifunga kamera kifuani, nayo haikuwa nyepesi, akapepesuka hadi mtazamaji akauona ulimwengu kwa macho ya mlevi. Maandishi ya kueleza kisa karibu hayakuhitajika.

Alihamia Marekani mwaka 1929. Hata hivyo, mwaka 1937 Myahudi huyo alirejea katika Ujerumani ya Wanazi kumtoa binti yake. Mama wa binti huyo alibaki, akauawa mwaka 1942.